Risasi ya Pili

Mjomba alinikabidhi bunduki, mtutu ukiwa umeelekea chini, kisha akaniambia nimrudishie. Nikamrudishia. Akatikisa kichwa.

"Umenirudishia bila kuangalia ndani," alisema. "Na mimi nilikupa bila kukwambia kama ina kitu. Tumekosa wote wawili. Tuanze upya."

Ndivyo jaribio lilivyoanza, Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja mdogo wa shabaha si mbali na Mikindani. Mbele yetu palikuwa na tuta refu la udongo, pembeni meza ya mbao, na msimamizi mwenye filimbi shingoni. Mjomba ana mtoto wa jicho. Kwa sasa ananitambua kwa mwendo kuliko kwa sura, na hataki tena kuhuisha leseni yake. Kwetu Wamakonde mjomba humwangalia mpwa wake anapofikiria nani atashika vitu vyake. Shoka na shamba vinaweza kushikwa hivyo hivyo. Bunduki haiwezi, ni lazima uende polisi uombe kuimiliki kwa jina lako. Kabla sijajaza fomu yoyote alitaka niijaribu, na jioni nimpe jibu.

Ni bunduki ya marisau, ya mitumba tangu siku aliyoinunua. Ni ya muundo aliobuni Mmarekani John Browning, ulioanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1902. Ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja tu, lakini huna haja ya kukoki tena. Teke la risasi ya kwanza linasukuma mtutu nyuma, ganda tupu linatupwa nje, risasi nyingine inapanda mahali pake. Zinaingia tano: moja kwenye mtutu, nne kwenye mrija ulio chini yake.

Kujaribu bunduki iliyokwishatumika kuna utaratibu wake, na mjomba hakuruka hatua. Tulichungulia mtutu ukiwa mtupu, tukiuelekeza kwenye mwanga kutafuta kutu na mbonyeo. Tulipapasa kitako kutafuta ufa. Kisha akaniambia niweke risasi moja tu. Bunduki ya namna hii ikichakaa ndani inaweza kufyatua mbili kwa mvuto mmoja, na hutaki kuligundua jambo hilo ukiwa umeijaza.

Risasi ya kwanza ilitoka vizuri, lakini ganda likakwama njiani. Mjomba alisikia mlio akajua. Ndani kuna pete inayopunguza kasi ya mtutu unaporudi nyuma. Ikipangwa kwa risasi nzito nawe ukatumia nyepesi, mtutu haufiki mwisho wa safari yake. Aliifungua kwa vidole, bila kuangalia, akaihamisha pete, akafunga. Baada ya hapo haikukwama tena. Mbili, kisha tatu, kisha tano mfululizo. Tano zile sikumbuki kama nilizipiga moja moja. Nakumbuka bega likiuma na maganda yakianguka kuliani kwangu. Kati ya ya kwanza na ya tano sikuwa nimewaza chochote.

Hilo ndilo lililonisumbua, na ndilo ninalotaka kuliandika.

Shamba letu liko bonde la Ruvuma. Mama analima mpunga na muhogo, na mazao yakikomaa analala kwenye dungu kulinda nguruwe pori. Hatuwali. Tukimuua tunamfukia, au wanamchukua majirani wanaomla. Nguruwe wakiingia usiku mmoja wanaweza kuondoka na muhogo wa miezi. Na nyuma ya nguruwe huja simba. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 Tanzania, na kujeruhi zaidi ya 300. Pwani ya kusini ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Walieleza kile ambacho wazee wetu walikuwa wakikisema: simba humfuata nguruwe shambani, na anayelala shambani kumlinda nguruwe ndiye anayekutwa. Kwa hiyo nisijifanye kwamba swali la bunduki kwetu ni la vitabuni. Mama yangu analala pale.

Nisijifanye pia kwamba ni nguruwe na simba tu. Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, katika bonde hilo hilo. Tangu hapo mtu akisema anataka bunduki ya kulinda muhogo, mimi hujiuliza anamwona nani gizani. Nimejiuliza hivyo kuhusu nafsi yangu pia.

Tulipomaliza kupima mwenendo wake tukapima mtawanyiko. Unatundika karatasi kubwa mita 36 kutoka uliposimama, unapiga mara moja, kisha unachora duara la sentimita 76 mahali matundu yalipojaa, na kuhesabu. Risasi zetu zilikuwa za marisau makubwa, tisa kwa kila moja. Saba yaliingia ndani ya duara. Msimamizi alisema si mbaya kwa bunduki ya umri ule. Mimi niliyatazama mawili yaliyopita nje. Uwanjani yalizama kwenye tuta. Shambani hakuna tuta. Kuna mihogo, na ng'ambo ya mihogo kuna dungu la mtu mwingine.

Tulikaa kivulini, ndipo mjomba akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia.

Kabla ya bunduki hii alikuwa na ya mtutu mmoja, ile unayoivunja katikati kuweka risasi. Usiku mmoja aliwapiga nguruwe. Mmoja akalia, akakimbia. Halafu mihogo ikatikisika upande wa pili. Akaivunja bunduki aweke nyingine, lakini ganda lilikuwa limevimba, halitoki. Alikuwa analichokonoa kwa ukucha, akitukana, aliposikia mtu anakohoa. Alikuwa jirani yake, aliyesikia mlio akaja mbio kusaidia, bila tochi.

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba yu hai kwa sababu ya ganda bovu?"

Jirani huyo mpaka leo huja kwetu kucheza bao.

Nikamuuliza kwa nini, baada ya usiku ule, alinunua bunduki isiyokwama. Alikaa kimya kidogo. "Nilimwogopa simba kuliko nilivyojiogopa mwenyewe," alisema. "Nikasema nitakuwa naweka risasi moja tu. Mwaka wa kwanza niliweka moja. Mwaka wa pili mbili. Baadaye nikasahau kwa nini nilikuwa naweka moja."

Tulirudi mjini kwa bodaboda mbili, bunduki ikiwa kwenye mfuko wake kifuani kwa mjomba. Njia ya kwetu inapita chini ya Boma, ngome ambayo Wajerumani waliijenga Mikindani mwaka 1895. Kanuni ya kutumia teke la risasi moja kuandaa nyingine haikuanza na bunduki za mawindo. Hiram Maxim aliitumia mwaka 1884 kuunda bunduki ya rashasha, na bunduki za namna hiyo ndizo Wajerumani walizowaelekezea watu wa kusini katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Mwenye gobore alipaswa kumimina baruti na kushindilia kabla ya kila pigo. Mwenye rashasha hakulazimika kuamua tena baada ya kuamua mara moja. Sisemi kwamba gobore lina huruma. Mji huu ulijua biashara ya watumwa, na magobore yalikuwemo. Nasema tu kwamba kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi, na aliyetaka kuitumia aliweza.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Wawindaji watakwambia risasi ya pili ya haraka ndiyo huruma. Nguruwe aliyejeruhiwa hutembea na marisau tumboni siku nzima. Na simba aliyekwisha kuruka hakungoji uchokonoe ganda. Ni kweli. Kuna usiku ambao bunduki ya mtutu mmoja itamuua mwenyewe. Anayesema silaha ya polepole ni salama zaidi aseme pia ni salama kwa nani.

Madrasa tulifundishwa kwamba kuua kwa kukusudia na kuua kwa kukosea si kitu kimoja. Lakini tulifundishwa pia kwamba aliyeua kwa kukosea hatoki bure: kuna fidia kwa jamaa wa marehemu, na kuna kafara, kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Nilipokuwa mdogo niliona ni uonevu. Mtu hakutaka, kwa nini alipe? Sasa naona hukumu ile inatazama nyuma ya kosa. Kidole kilivuta kwa bahati mbaya, lakini kabla yake mtu alichagua chombo, idadi ya risasi, na namna atakavyokaa gizani. Hayo aliyachagua mchana, akili yake ikiwa timamu.

Hapo ndipo jibu langu lilipotoka. Uwanjani tuliipima bunduki, na bunduki ilifaulu. Mimi nilipimwa pia, wakati wa zile tano, nikafeli. Naweza kuahidi kuweka risasi moja. Mjomba aliahidi, na ni mtu mwangalifu kuliko mimi. Siku ile ile alinikosoa kwa kupokea bunduki bila kuangalia ndani. Ahadi yake haikuvunjwa na ubaya wowote, ililika kidogo kidogo kama ukingo wa Ruvuma. Sina sababu ya kuamini kwamba yangu itadumu.

Jioni nilimwambia nitaomba leseni, lakini si ya bunduki hii. Nitatafuta ya mtutu mmoja, na hii airudishe kwa utaratibu wa sheria au amuuzie mwenye kibali. Mama alikuwa anapepeta mchele, akasikia.

"Na simba akija?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sina hadi sasa. Nilimwambia msimu huu nitalala mimi kwenye dungu. Akasema nguruwe hawajali nani analala. Kisha akaendelea kupepeta, na nikajua mazungumzo hayajaisha.

Mjomba hakubisha. Alitoa maganda matano mfukoni, aliyoyaokota uwanjani, akayapanga barazani mmoja mmoja kwa kupapasa. Tulikuwa bado tunayatazama jirani alipopiga hodi, akikohoa, na ubao wa bao kwapani. Mjomba akayakusanya upesi, akayarudisha mfukoni, akasogea kumpisha.