Bao la Ugenini
Neno: Danieli 6:10

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1987. Gor Mahia ilicheza fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na Esperance ya Tunisia. Kule Tunis, 2–2. Nyumbani Nairobi, 1–1. Jumla sare, lakini kombe likabaki Kenya! Kwa nini? Gor ilifunga mawili ugenini, Esperance moja tu.

Sasa nisikilizeni. Danieli aliomba akiwa uhamishoni Babeli, dirisha wazi, huku akijua tundu la simba linamngoja.

Humu kanisani tuko nyumbani. Kila mtu anakupigia makofi. Ugenini ni Jumatatu: mizani yako pale Marikiti, chenji ya abiria kwenye matatu, deposit ya mpangaji wako kule Mji wa Kale. Jirani yako hajawahi kusikia mahubiri yangu. Yeye anakusoma wewe. Ukimpunja kilo, umeshamhubiria.

Kwa hiyo mimi sikuulizi leo umeimbaje. Nakuuliza: kuna mtu umemdhulumu? Kesho, kabla hujafungua duka, mrudishie haki yake.

Amina?