Kiti cha Mbunge ni Amana ya Nani?

Mwaka 1965 wapiga kura wa Tanzania Bara, katika majimbo mengi, waliletewa watu wawili, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na wa pili kwa alama ya nyumba. Chama kilikuwa kimoja, lakini hiari ya watu haikuwa jina tupu: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Rais akamrejesha Bungeni kwa uteuzi, na sheria ilimruhusu.

Mwaka 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, na viti vyao vikaenda pamoja na kadi zao. Waliowachagua hawakuulizwa.

Vyama vingi vilirejea mwaka 1992, lakini fundo hili halikufunguka. Katiba yataka mgombea ubunge apendekezwe na chama cha siasa. Akikoma kuwa mwanachama, kiti humponyoka. Sababu yake si ya kudharauliwa, maana achaguliwaye kwa bendera moja kisha akatweka nyingine hufanana na mtu aliyetoroka na mali ya wenzake. Je, afukuzwaye kwa kusema kweli iliyowachukiza wakubwa wake? Huyo hakuhama, amehamishwa. Ibara ya 100 humkinga asishtakiwe mahakamani kwa maneno aliyoyanena Bungeni, lakini haimkingi na kikao cha chama chake. Mbunge wa viti maalumu ni mnyonge zaidi: jina lake lilitoka katika orodha ya chama, wala hana jimbo la kulililia.