Kompyuta Inayotosha

Kompyuta ya mezani inayoundwa nyumbani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja humlazimisha muundaji kujibu swali ambalo mnunuzi wa mashine iliyokamilika huweza kulikwepa: kiasi gani kinatosha? Kwa mwenye fedha nyingi swali hili halina makali. Kwa mwenye fungu dogo, kila shilingi iliyokwenda kwenye prosesa imeondoka kwenye RAM, na kila iliyokwenda kwenye kasha lenye taa za rangi imeondoka kwenye pawa saplai. Wanafalsafa na wanazuoni walilichambua swali la kutosha karne nyingi kabla ya umeme, na baadhi ya majibu yao yanamfaa fundi kuliko orodha za “vipuri bora vya mwaka”.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake ya maadili yanayoitwa ya Nikomako, anaeleza kwamba mtu hafanyi shauri juu ya lengo bali juu ya njia za kulifikia. Tabibu hajiulizi kama amponye mgonjwa. Hujiuliza amponye vipi. Hoja hiyo ikipelekwa dukani hupindua mpangilio wa maswali. “Prosesa ipi ni nzuri?” ni swali lisilo na jibu mpaka ijulikane ni nzuri kwa kazi gani. Mwanafunzi anayeandika ripoti, kujaza majedwali na kujifunza kuandika programu hahitaji kadi ya michoro kabisa, kwa kuwa prosesa kama Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, ina viini sita na uwezo wa michoro ndani yake. Kijana wa michezo ataweka sehemu kubwa ya fungu lake kwenye kadi hiyohiyo ambayo mwanafunzi ameiacha. Anayehariri video za harusi atatafuta RAM nyingi na nafasi ya kuhifadhi kabla ya kingine chochote. Asiyejua lengo lake huadhibiwa haraka: prosesa nyingi za Intel ambazo majina yake yanaishia na herufi F hazina michoro ndani, na aliyeinunua kwa sababu ilipungua bei kidogo, bila kadi ya pembeni, hubaki na mashine inayonguruma mbele ya skrini nyeusi.

Lengo likishajulikana, kiasi bado hakijajulikana. Hapa wengi hukimbilia katikati, wakidhani kwamba kati ya kipuri cha bei ya chini na cha bei ya juu, cha kati ndicho cha busara. Ni kweli Aristotle huhesabiwa kuwa mwalimu wa wastani, lakini wastani wake si wa mizani ya duka. Anatoa mfano wa chakula kilichopimwa kwa mina, kipimo cha kale cha uzito: ikiwa mina kumi ni nyingi mno kwa mtu na mina mbili ni chache mno, haifuati kwamba mkufunzi ataagiza sita. Sita ni chache kwa Milo wa Croton, mwanamieleka mashuhuri wa Ugiriki ya kale, na ni nyingi kwa anayeanza mazoezi. Wastani hupimwa kwa mlaji.

Hesabu ya umeme inaonyesha jambo hilo waziwazi. Prosesa iliyotajwa hapo juu imepimwa kwa wati 65, na mashine nzima isiyo na kadi ya michoro kwa kawaida haivuki wati 150 hata ikifanya kazi kwa bidii. Pawa saplai ya wati 450 inazidi mahitaji hayo kwa mbali. Dukani hiyo huenda ikawa ndiyo ndogo kuliko zote, na ya wati 650 ikaonekana ndiyo ya wastani, ingawa wati 200 za ziada hazitaguswa kamwe. Kwa upande wa RAM, kosa hutokea kinyume chake. GB 8 huonekana kiasi cha katikati, lakini mfumo wa kisasa pamoja na kivinjari chenye kurasa nyingi huijaza mapema. GB 16 ndicho kiasi ambacho mwanafunzi huyo hatakijutia. Tena zikigawanywa katika vipande viwili vya GB 8, badala ya kimoja cha GB 16, data hupita katika njia mbili kwa pamoja, na faida hiyo huonekana zaidi pale michoro inapokuwa ndani ya prosesa, kwa sababu michoro hiyo hukopa RAM ileile.

Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alitoa hoja ambayo Aristotle asingeikataa: kuharakisha sehemu moja ya mfumo hakusaidii zaidi ya ule muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiutumia. Chukua kazi ya sekunde 100, ambamo 80 ni za kuingoja diski na 20 ni za prosesa kukokotoa. Prosesa yenye kasi maradufu itaipunguza kazi hiyo hadi sekunde 90. Diski yenye kasi mara kumi itaifikisha 28. Ndiyo maana kompyuta kuukuu iliyotolewa diski ya kuzunguka na kuwekewa SSD huwashangaza wenyewe, ilhali aliyenunua prosesa ya kifahari na kuacha diski ya zamani hulalamika kwamba ameibiwa. Ubora wa kipuri haumo ndani yake chenyewe. Umo katika uwiano wake na vingine.

Lakini uwiano hausemi kipi kitangulizwe fungu linapopungua, na linapungua daima. Abu Ishaq al-Shatibi, mwanachuoni wa Granada aliyefariki mwaka 1388, aliyapanga maslahi ya watu katika ngazi tatu, mpango ambao msingi wake ulikuwa umewekwa na Imam al-Juwayni na mwanafunzi wake al-Ghazali. Kuna dharura, ambazo zikikosekana maisha huharibika; kuna haja, ambazo zikikosekana maisha huendelea kwa dhiki; na kuna mapambo, ambayo huyapa maisha uzuri na heshima. Ngazi ya chini huikamilisha ya juu yake, lakini kikamilisho kikifikia kubomoa asili yake, huachwa. Mwanafalsafa wa Kigiriki Epicurus naye, zaidi ya miaka 1,500 kabla yake, aliyagawa matamanio mafungu matatu: ya kimaumbile na ya lazima, ya kimaumbile yasiyo ya lazima, na yale yasiyo ya kimaumbile wala ya lazima. Tofauti yao ni kubwa kuliko ufanano. Epicurus angeshauri fungu la tatu litupwe. Al-Shatibi analipa pambo haki yake, ila kwa zamu. Mpango wake ni wa kiutu zaidi: kijana anayetaka feni zenye taa hana kosa, mradi taa hizo hazikulipiwa kwa fedha za pawa saplai.

Na pawa saplai ndiyo dharura inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu haiongezi kasi wala haionekani. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani, ambao Tanzania na Kenya ni wa volti 230 hadi 240, kuwa volti ndogo zilizotulia: 12, 5 na 3.3. Ikiwa duni, mtikisiko mmoja wa umeme unaporudi baada ya kukatika unaweza kuondoka na ubao mama, diski na kila kilichohifadhiwa humo. Maandishi makubwa ya ubavuni si ushahidi. Kibandiko kinaweza kudai wati 500 huku mstari wa volti 12, unaobeba karibu mzigo wote wa kompyuta ya kisasa, ukiandikwa ampea 20. Kumi na mbili mara ishirini ni wati 240. Anayejua kuzidisha hahitaji mshauri hapo. Kasha, kwa upande mwingine, linaweza kuwa la bei ya chini kabisa bila madhara, likiwa tu na matundu ya kupitisha hewa.

Swali la kutosha huwa gumu zaidi likiguswa na kesho. Muuzaji husema: nunua kubwa sasa, usije ukajuta. Udhaifu wa ushauri huo ni kwamba unataka mtu afanye shauri kwa ajili ya lengo ambalo bado hana. Kwa kawaida pia uwezo wa kompyuta hushuka bei kadiri miaka inavyopita, hivyo kinachonunuliwa leo kwa haja ya miaka mitatu ijayo hununuliwa wakati wake wa ghali. Kanuni hiyo si ya chuma: bei za RAM zilipanda kwa kasi mwishoni mwa mwaka 2025, mitambo ya akili unde ilipovuta sehemu kubwa ya uzalishaji. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuinunua kesho na kuiachia nafasi. Ubao mama wenye nafasi nne za RAM, mbili zikiwa wazi, huiachia. Soketi, mahali prosesa inapokaa kwenye ubao, nayo huiachia au huifunga. AM4 ya AMD, iliyoanza mwaka 2016, ilipokea vizazi kadhaa vya prosesa, na wengi walibadili prosesa baada ya miaka bila kugusa ubao. AM5 ilifuata mwaka 2022, ghali zaidi wakati huo na yenye kukubali RAM ya DDR5 peke yake. Anayechagua AM4 leo anachagua njia iliyofika mwisho kwa bei nafuu. Si upumbavu huo, ikiwa mashine inatosha kwa lengo lililopo.

Fungu dogo humpeleka muundaji kwenye mtumba, na hapo swali hugeuka kutoka kiasi hadi uaminifu. Cicero, katika kitabu cha tatu cha kazi yake juu ya wajibu, iliyoandikwa mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza mzozo wa wanafalsafa wawili wa Stoa. Mtu anauza nyumba akijua kasoro zake; je, kunyamaza ni kudanganya? Diogenes wa Babylon alijibu kwamba kunyamaza si kuficha. Antipater wa Tarsus, mwanafunzi wake, alishikilia kwamba muuzaji lazima aseme, na Cicero alikubaliana naye. Sheria ya Kiislamu imesimama upande huohuo: hadithi ya Mtume aliyetia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini yake inajulikana sana, na mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichika ana hiari ya kukirudisha.

Kadi za michoro ndizo zilizoufanya mzozo huu kuwa wa leo. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha utaratibu wa uchimbaji, uliotegemea kadi hizo, na kadi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana zikamiminika kwenye soko la mtumba. Je, muuzaji analazimika kusema kadi yake ilichimba? Diogenes angesema mnunuzi hakuuliza. Jibu hilo ni jepesi mno, kwa sababu muuzaji ndiye peke yake anayejua, na bei imewekwa juu ya kutojua kwa mwenzake.

Hata hivyo aibu hazilingani. Diski ya SSD huweka rekodi ya saa ilizofanya kazi na kiasi cha data kilichoandikwa, na programu ya bure huisoma kwa dakika moja. Asiyeisoma amejinyima mwenyewe. Prosesa huchakaa polepole sana, na kasoro yake ya kawaida, pini iliyopinda, huonekana kwa macho. Pawa saplai haina rekodi. Kapasita zake huzeeka kimya, na hata muuzaji mkweli huenda asijue hali yake. Kipuri hiki kinunuliwe kipya, hata kama vingine vyote ni vya mtumba. Hapa pia al-Shatibi ana neno: kuzuia mashaka katika biashara ni kikamilisho cha biashara, lakini anayeshurutisha mashaka yote yaondoke atakuwa ameufunga mlango wa kuuza na kununua. Mnunuzi wa mtumba hawezi kudai uhakika kamili. Anaweza kudai ajaribishe mashine kabla ya kulipa.

Hubaki swali la lini shauri lisimame. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba binadamu, kwa ufinyu wa muda na maarifa, hatafuti kilicho bora kuliko vyote. Huweka kiwango, kisha huchukua cha kwanza kinachokifikia. Muundaji aliyeandika mapema kwamba anataka SSD ya GB 500 yenye dhamana, isiyozidi bei fulani, atamaliza jioni moja. Asiyeweka kiwango hana pa kusimamia, kwa kuwa kila wiki kipuri kipya hutoka na kingine hushuka bei.

Na vipuri viwili vikilingana kwa kila kitu? Al-Ghazali aliugusa mtego huu katika kitabu chake cha mwaka 1095 dhidi ya wanafalsafa, akimtaja mtu mwenye njaa mbele ya tende mbili zisizotofautiana, asiyeweza kuzichukua zote. Wapinzani wake walidai kwamba bila sababu ya kupendelea hakuna kuchagua, na kwa hoja hiyo walikana kuwa ulimwengu ulianza kwa wakati fulani uliochaguliwa miongoni mwa nyakati zinazofanana. Al-Ghazali alijibu kwamba kazi ya utashi ni hiyohiyo, kutenga kimoja kati ya vilivyo sawa, na kwamba mwenye njaa hakika atachukua tende moja. Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1198, aliikataa sehemu ya jibu hilo. Kwa maoni yake mtu huyo hachagui tende hii badala ya ile; anachagua kula badala ya kutokula, na tende yoyote itakayoangukia mkononi inatimiza uchaguzi huo. Kwa mnunuzi aliyesimama mbele ya RAM mbili za GB 16, za kasi moja, bei moja na dhamana moja, wanazuoni hao wanatofautiana juu ya kilichochaguliwa, lakini hakuna kati yao anayemruhusu kurudi nyumbani mikono mitupu.