Wafu Wanatudai Ukweli

John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hafi siku moja. Pumzi ikishakatika, angali mmoja wa jamaa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na hali hiyo hudumu vizazi vinne au vitano. Akiondoka wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani, pamoja na wengi wasio na majina. Lakini Mbiti alizungumzia jamii ambazo bibi na mjukuu waliota moto mmoja. Kaunti ndogo ya Njiru, mashariki mwa Nairobi, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482, inaishi vingine. Kando ya barabara ya Kangundo, mpangaji aliyetoka Machakos hupakana ukuta na wa Siaya na wa Murang'a, watoto wao hucheza kwa Sheng, na babu huonekana Disemba, nauli ikipatikana. Kumbukumbu iliyohitaji kuishi pamoja imekosa makao. Je, hapo kuna anayedhulumiwa, au ni mambo ya dunia tu? Mimi nasema yupo anayedhulumiwa, naye ni marehemu mwenyewe.

Atakayepinga atasema maiti haina hisia, hivyo haiwezi kudai chochote. Hoja hiyo ina nguvu, ila hakuna anayeishi kwa kuifuata. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mwili wake ulikaa bila kuzikwa hadi Mei 1987, mjane wake Wambui akitaka kumzika Upper Matasia, ukoo wake wa Umira Kager ukidai azikwe Nyalgunga. Shauri lilifika mahakamani, na mwanafalsafa Odera Oruka aliitwa kutoa ushahidi. Pande zote mbili zilishindana juu ya kile anachostahili marehemu. Kwamba anastahili kitu halikuwa jambo la kubishaniwa. Tena sisi tumekwisha kukopa kwa wafu. Wakikuyu na Wakamba humpa mtoto jina la babu au nyanya, na mtoto huyo hulitumia shuleni na kwenye kitambulisho maisha yake yote. Kulibeba jina la mtu bila kujali alikuwa nani ni kuchukua mali yake na kumsahau mwenyewe.

Wahubiri wengi wa Eastlands wataona hatari hapa. Wanafundisha kwamba ukoo ni njia ya laana, kwamba kuchimbua mababu ni kufungua mlango uliofungwa na damu ya Kristo, na Paulo mwenyewe alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho. Hofu hiyo naiheshimu, maana kuna kuabudu wafu na kuna watu waliotapeliwa kwa jina la mizimu. Lakini Agano Jipya linafunguka kwa nasaba. Mathayo alipoorodhesha ukoo wa Yesu hakumficha Tamari, wala Rahabu, wala Ruthu Mmoabu, na mama yake Sulemani akamtaja kupitia Uria, aliyedhulumiwa. Huko si kuabudu. Ni kukiri ukweli, na ndio pekee ninaodai kwa niaba ya wafu.

Na ukweli ndio unaopungua katika hazina tulizo nazo. Hazina kubwa ya nasaba mjini ni ile programu ya mazishi yenye wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, na nani, alisoma wapi, ameacha nani. Familia nyingi huiandika usiku mmoja, kamati ikihangaikia jeneza na gari, kisha karatasi hupotea. Hutokea pia mke wa pili akaachwa nje, au mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au ndugu aliyekosana na nyumbani. Siku ya kufungua kesi ya urithi na kutafuta barua ya chifu, majina yaleyale huzuka kwa ugomvi. Ukoo unaokumbukwa kwa ajili ya ploti tu umekumbukwa nusu.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la ukabila. Baada ya damu iliyomwagika katika ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, mkazi wa Njiru ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto ambaye hajali jirani yake ni wa kabila gani afundishwe kujali. Ningelikubali kama utafiti wa ukoo ungeishia kwenye jina la kabila. Ukifanywa kwa uaminifu, hasa ukifuata upande wa kina mama, hupita hapo. Katika njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, wanawake na watoto wa Kikamba na wa Kimaasai walipokewa katika nyumba za Wakikuyu, wengi wakabaki humo na kuzaa. Wajukuu wao leo hujiita Wakikuyu halisi. Anayehubiri usafi wa damu hutegemea orodha fupi ya wanaume, na nyanya asiyetajwa ndiye anayeivunja hoja yake.