Leigh Bowery kiooni

Mwaka 1988, katika jumba la sanaa la Anthony d'Offay jijini London, msanii wa maonyesho Leigh Bowery alijianika nyuma ya kioo cha upande mmoja. Watazamaji walimwona, yeye alijiona mwenyewe tu, akijilaza kochini na kujigeuzageuza, kila siku na vazi jipya. Wanaume wengi wanaovaa kike jukwaani husaka urembo. Mwaustralia huyu, pande la mtu, aliutupilia mbali: alijimwagia rangi upara mzima ikachuruzika usoni kama uji uliofurika sufuria. Ninachomhusudia ni hicho, kwamba hakuomba kupendwa. Kisha mchoraji Lucian Freud akamchora uchi, bila rangi wala uzi, na bado Bowery anaijaza turubai yote.