Jibu Sahihi Laweza Kuwa Uongo?

Tuseme kuna mwanafunzi wa Mumosho, kule kwenye vilima vinavyoshuka mpaka mto Ruzizi, kusini ya mji wa Bukavu. Mwalimu wake amepata kipimajoto kimoja. Ameteleka sufuria ya maji juu ya makaa, kisha amemwita mtoto asome namba wakati maji yanapochemka. Mtoto anatazama. Maji yanatokota kwa nguvu, mvuke unapanda, lakini ule uzi mwekundu umesimama kwenye 95, wala hauendi juu tena hata moto ukichochewa. Anangoja. Bado 95. Halafu anarudi mahali pake, anafungua daftari, anaona alivyonakili zamani kwamba maji huchemka kwa digri 100. Anaandika 100. Mwalimu anamwekea alama ya vizuri, na somo limekwisha.

Swali letu ni hili, wasomaji wapendwa: mtoto yule amefanya nini? Amekosea? Amedanganya? Au amefanya vema, maana ameandika jibu linalokubaliwa na kila kitabu?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwamba macho yake hayakumdanganya. Hewa ina uzito, nayo huyalemea maji yaliyo katika sufuria. Pale pwani, Mombasa au Dar es Salaam, hewa yote iliyo juu yetu yakandamiza maji, nayo hayawezi kuchemka mpaka yafike digri 100. Lakini mtu akipanda mlimani, anaacha sehemu ya hewa chini yake. Mzigo unapungua, na maji yanachemka mapema zaidi. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, digri moja hupungua. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na vilima vya Mumosho viko karibu na kimo hicho. Basi hesabu ni rahisi: 95. Kule Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ambalo halifiki mita 800, ni 97 na kitu.

Mama zetu walijua jambo hili kabla ya kipimajoto. Mwanamke aliyepika maharagi Uvira, kisha akaja kuyapika huku juu, anajua kwamba huku yanakawia kuiva na yanakula makaa mengi. Haoni sababu ya kuwaeleza wataalamu, maana hawakumwuliza. (Wala asiogope mtu kwa ajili ya maji ya kunywa: digri 95 zinatosha kabisa kuua vijidudu vya kipindupindu. Tuendelee kuyachemsha.)

Na kitabu je? Kitabu hakikusema uongo. Aliyekiandika alisema kwamba maji huchemka kwa digri 100 kwenye usawa wa bahari. Lakini maneno yale ya mwisho yalianguka njiani. Mwalimu mmoja aliyanakili bila mkia, mwanafunzi wake akawa mwalimu naye akanakili vile vile, mpaka yakafika kwetu yamebaki nusu. Mtoto wa Mumosho angaliandika 95, na mwalimu angaliona ajabu, labda siku ile ile wangaliutafuta ule mkia uliopotea. Wangalijifunza kwamba hewa ina uzito. Kwa kuandika 100 mtoto alipata alama, akapoteza somo.

Sasa turudi kwenye swali. Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alishughulika sana na jambo la uongo, hata akaandika kitabu kizima juu yake karibu na mwaka 395. Humo anatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku. Mtu anayesema jambo lisilo kweli, huku akiamini kwamba ni kweli, huyo amekosea, lakini hakudanganya. Mwongo ni yule ambaye moyoni mwake mna jambo moja, na mdomoni mwake mnatoka jambo lingine. Basi tazama kunatokea nini: mtu aweza kusema jambo la kweli na bado akawa mwongo, ikiwa yeye mwenyewe aliona vingine akaficha. Swali la darasani halikuwa “Kitabu chasema nini?” Lilikuwa “Wewe umeona ngapi?” Kwa swali hili namba 100 ni uongo, hata kama ingekuwa imechorwa kwa dhahabu juu ya mlango wa kila shule.

Najua mtanijibu. Mzee mmoja atasema: “Ukimfundisha mtoto kushindana na kitabu, kesho atashindana na baba yake.” Neno hili lina uzito, nami silidharau. Mtoto anayedhani kwamba macho yake hayakosei ni mjinga wa namna nyingine. Labda alisoma kipimajoto kabla maji hayajachemka. Labda kipimajoto chenyewe kibovu. Labda alikisoma kwa kuinamia, akiwa amesimama upande. Lakini dawa ya makosa hayo si kuandika namba ya kitabu. Dawa ni kuandika 95, kuandika namna alivyopima, kurudia mara ya pili na ya tatu, na kumwomba mwenzake asome bila kumwambia yeye alipata ngapi. Utii wa kweli hauombi mtu afiche alichoona. Mtoto aweza kusema kwa adabu zote: “Mwalimu, kitabu kinasema 100, mimi nimeona 95, sijui sababu.” Hapo yuko wapi mtoto mwenye kiburi?

Mwalimu naye atanijibu, na jibu lake ni gumu kuliko la mzee. Tangu mwaka 2019, Serikali ilipofuta malipo ya shule za msingi, madarasa mengi yamejaa hata watoto wanabanana kwenye madawati. Vipimajoto havipo. Na mbele ya wale wa sekondari uko mtihani wa Serikali, ambao haujui vilima vya Mumosho. Anayesahihisha ana karatasi ya majibu, na ndiyo inayomwongoza. Mwalimu anayewapenda watoto wake anataka wapite. Simhukumu. Lakini twaweza kumwomba jambo moja lisilohitaji fedha: asimwekee mtoto alama mbaya kwa sababu ya namba aliyoipima kwa uaminifu, hata ikiwa si ile aliyoitazamia. Mtoto mmoja akiadhibiwa mara moja kwa ajili ya 95, darasa zima litaandika 100 mpaka mwisho wa masomo.

Kisa cha Erasto Mpemba wa Tanzania kinafaa hapa. Mwaka 1963, bado kijana mdogo, alikuwa katika shule ya sekondari ya Magamba, wilaya ya Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanayaweka katika jokofu. Siku moja Mpemba aliona nafasi katika jokofu inakwisha, akaweka maziwa yake yangali moto. Mwenzake aliweka yake bila kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Akamwuliza mwalimu sababu. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Basi kila alipokosea hesabu, wenzake walimrudishia mzaha ule ule.

Siku moja Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lake, wenzake wakicheka na kuona haya. Osborne mwenyewe alifikiri kwamba kijana amekosea. Lakini hakumcheka, aliahidi kwamba atajaribu. Alirudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo msaidizi wake wa maabara. Msaidizi akaleta habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, lakini wasihangaike, kwani watarudia mpaka wapate jibu lililo sawa! Mnaona? Mtu mzima, mwenye vyombo vyote, alifanya kama mtoto wetu wa Mumosho: jibu alikuwa nalo tayari, alingoja tu maji yamtii. Osborne hakukubali. Mwaka 1969 yeye na Mpemba waliandika habari hiyo pamoja katika gazeti moja la fizikia la Uingereza, na hata leo wataalamu huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Ningeweza kukiacha kisa hapo, kiwe kitamu. Lakini kina mkia, nao ndio unaonivuta mimi. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya kwa uangalifu mwingi, nao hawakuona ushahidi unaotosha. Walionyesha kwamba kuweka kipimajoto juu au chini kidogo tu katika chombo kwaweza kuleta tofauti ya kumdanganya mpimaji. Wengine wanabisha mpaka leo. Basi, je, Mpemba aliaibika? Hata kidogo. Alisema alichoona na namna alivyokiona, ndiyo maana wengine wameweza kupima tena baada ya miaka 50 na zaidi. Kama angaliandika jibu la mwalimu wake, wasingalikuwa na kitu cha kupima.

Na sisi watu wa Ruzizi tunayo habari yetu. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walitamani kusikia kwamba Ruzizi unatoka katika ziwa Tanganyika na kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia wazi: mto unaingia ziwani. Wao hawakufika mahali penyewe. Kimo cha ziwa walikipima kwa kuchemsha maji, wakapata namba iliyo chini kuliko kweli. Hilo lilikuwa kosa, si uongo, maana waliandika walichopata. Lakini baadaye huko Ulaya, katika ugomvi wake na Speke, Burton alirudi kutetea kwamba Ruzizi huenda ukatoka ziwani, kana kwamba watu wa Uvira hawakusema kitu. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji wakaenda kutazama. Mto unaingia. Mtu yeyote wa Mumosho, anayeyaona maji yakipita chini ya shamba lake kuelekea Uvira, angaliwaambia bure.

Pengine mtu anasema, haya ni mambo ya wataalamu na wasafiri, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Huko huko Mumosho lipo bwawa la umeme la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Penye bwawa hapana budi pawe na mtu wa kusoma vipimo na kuviandika, mchana na usiku. Hospitalini yuko mwuguzi anayeandika joto la mgonjwa saa nane za usiku. Atainuka kitandani mwake, au ataandika namba ya jioni? Yuko anayepima mpaka wa shamba kati ya ndugu wawili. Yuko anayetia sahihi kwamba magunia 40 ya unga yamefika, naye ameona 31. Huyu wa magunia hakuanzia kwenye magunia. Alijifunza mahali fulani kwamba namba ni kitu cha kuwapendeza wakubwa.

Mumosho hakukosi watoto wa kujaribiwa jambo hili. Ziko shule za zamani, na tangu mwaka 2018 iko pia ile iitwayo Congo Peace School. Wala tusingoje vipimajoto. Yatosha fimbo moja ya urefu wa mita 1, isimikwe wima uwanjani, na kivuli chake kipimwe saa sita za mchana. Vitabu vya Ulaya hufundisha kwamba kivuli cha saa sita huelekea kaskazini siku zote, na kwao ni kweli. Huku kwetu, karibu sana na ikweta, mwezi wa Juni kivuli huanguka upande wa kusini, kama sentimeta 49; mwezi wa Desemba huanguka upande wa kaskazini, kama sentimeta 38; na karibu na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, fimbo inasimama karibu bila kivuli. Nimewapa namba hizi wazazi, si watoto. Mtoto akipata 46, na aandike 46, kisha aitazame tena fimbo kama haikuinama.

Aandike tarehe, saa, urefu na upande. Na siku ya mvua, ambazo kwetu si chache, aandike: mawingu, sikuona kivuli.