Saa Nyingi Angani

Rubani hupimwa kwa saa alizoruka, nasi walimu wastaafu kwa miaka tuliyofundisha. Ni haki, kwani kazi hufunza mkono. Lakini tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, rubani mwenye saa zaidi ya 11,000, mwalimu wa marubani wenzake, aliondoa ndege katika ukungu kabla ya kuruhusiwa. Mhandisi wake aliuliza kama ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Akajibiwa kwa mkato kuwa imetoka. Zikagongana, wakafa watu 583. Baadaye mashirika yakawafundisha marubani kuwasikiliza walio chini yao. Basi, wapenzi wasomaji, sisi wakubwa tujiulize: mdogo akituuliza, twachunguza, au twamnyamazisha kwa miaka yetu?